Oili ya Marehemu Polepole

Jumatatu saa moja na robo asubuhi, dereva aliingiza lori karakanani kinyumenyume, akaliegesha juu ya shimo la ukaguzi, akashuka bila kuzima injini. Alitaka dada yake alisikie mwenyewe.

Dada yake alikuwa fundi mkuu wa kampuni ile ya kokoto. Watu wote walimwita Fundi, hata mumewe, hata mwalimu wa watoto wake alipopiga simu kulalamika. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliipitisha ndani ya shimo lile, akiyatazama malori kutoka chini, upande ambao madereva wenyewe hawaujui. Alikuja akifuta mikono kwa tambara, akasimama mbele ya boneti, akatega sikio.

Injini ilikuwa inatetemeka. Mtetemo wa injini kuukuu ya dizeli aliuzoea. Ule humfanya mtu asinzie. Huu ulikuwa unakuja na kuondoka. Injini ilitulia kwa pumzi mbili tatu, kisha ikashtuka, ikajikunyata, ikaruka pigo moja, ikakitikisa kioo cha pembeni hadi kikageuka kutazama chini.

"Panda uone geji," mdogo wake alisema.

Fundi alipanda. Mshale wa presha ya oili ulikuwa umelala kwenye sifuri na taa nyekundu inawaka. Alikanyaga mafuta kidogo, mshale ukainuka, injini ikatulia. Alipoondoa mguu, mshale uliporomoka na mtetemo ukarudi.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi nilipokabidhiwa. Likiwa linatembea halina neno, dada. Likisimama tu, basi, linakuwa kama mgonjwa wa homa."

"Umeshashuka nalo mteremko?"

"Bado. Naanza Ijumaa." Alisema Ijumaa kama mtu anayetaja siku ya harusi yake. Alikuwa amekaa miaka sita kwenye kiti cha msaidizi, akiweka mawe nyuma ya magurudumu ya madereva wengine, na lori hili lilikuwa la kwanza kuandikwa kwa jina lake.

Kabla yake lilikuwa la marehemu Polepole. Miezi mitatu nyuma lilikuwa limeacha barabara kwenye kona ya kumi na moja likiwa na tani kumi za kokoto, likaugonga ukingo wa mwamba, na kichwa chake kikawa bapa kama bahasha. Kampuni ililipeleka gereji ya nje, likafungwa kichwa kingine, cha buluu, kilichotoka kwenye lori lililozeeka kwa amani. Injini ilibaki ileile. Haikuwa imepata hata mkwaruzo.

Jina la Polepole alipewa na madereva wenzake kwa sababu alikuwa hakimbizi gari. Walisema ukimkuta mbele yako, zima injini uchemshe chai. Karatasi ya ajali ilisema chanzo ni mwendo kasi na uzembe wa dereva. Ilikuwa na mihuri miwili.

Fundi alianza na vitu vya karibu, kama alivyofundishwa. Geji huwa zinadanganya, kwa hiyo aliiondoa ya lori, akafunga yake ya mkononi moja kwa moja kwenye injini. Nayo ikasema sifuri. Akapima oili kwa kijiti. Ilikuwa imefika alama ya juu, bado safi, kwa maana Polepole aliibadilisha wiki mbili tu kabla hajafa. Akafunga filta mpya. Sifuri. Akazitoa nozeli zote sita na kuzijaribu kwenye mashine, zikarusha dizeli kama ukungu bila kuacha tone. Akakagua mipira inayoishikilia injini kwenye fremu, akapapasa mabomba kama yanavuta hewa. Kila kitu kilikuwa kizima.

Jioni, kabla ya kufunga, alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza. Alitarajia kusikia beringi zikigonga. Alichosikia kilikuwa sauti ya meno yanayogongana. Akaandika kwenye daftari: mlio, haujajulikana. Akaenda nyumbani.

Jumanne aliingia shimoni kufungua sampu, lile bakuli la chuma lililo chini ya injini linalotunza oili. Oili ilikuwa haijamaliza kilomita zake, na kanuni ya kampuni ilikuwa kwamba oili ya namna hiyo irudishwe, kwa hiyo aliikinga kwenye karai safi. Bolti ilipotoka, oili ilimmwagikia kiganjani, ikashuka hadi kwenye kiwiko.

Woga ulianzia vidoleni. Ulikuwa baridi, na ulipanda bila haraka. Ulipofika begani, Fundi alikuwa bado anafanya kazi; alifungua sampu, akaitoa pampu ya oili, akapima beringi moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa sawa kabisa. Ulipofika kifuani alijikuta amebana mgongo kwenye ukuta wa shimo, hawezi kupanda ngazi ya vidato vitatu aliyoipanda kila siku kwa miaka ishirini na miwili.

Karibu na shimo alifanya kazi mchomeleaji, mzee mwenye sikio moja linalosikia, ambaye siku nzima alikuwa akiunga mabodi ya malori. Aliinua miwani yake ya kazi akachungulia.

"Fundi, kulikoni huko chini?"

"Naogopa, mzee."

"Unaogopa nini?"

"Sijajua bado."

Mchomeleaji alishuka, akachovya kidole kwenye karai, akakisugua na gumba. Akakaa chini polepole, akashika ngazi kwa mikono miwili. 

"Ni hii oili," hatimaye alisema. "Inaogopa. Niliwahi kukutana na pampu ya kisima ya namna hii, ila ile ilikuwa na huzuni tu."

"Na uliitengenezaje?"

"Haikutengenezeka. Tuliizoea."

Woga ulipozidi kukolea, Fundi alianza kujua mambo. Alijua jinsi mshale wa dizeli ulivyokuwa umelala chini kabla hata ya kona ya kwanza. Alijua uzito wa tani kumi zinazokusukuma mgongoni. Alijua joto la breki linavyopanda na kunuka, mshale wa upepo wa breki unavyoshuka, na mkono unavyohangaika na kijiti cha gia, gia ikigoma kuingia, ikisaga, ikigoma tena, huku kona ya kumi na moja ikija. Aliyajua haya yote kama unavyoijua njia ya kwenu. Hakuyaona kwa macho wala hakuyasikia. Yalikuwa tu yamo ndani yake, pamoja na jina la msichana wa miaka tisa lililotamkwa mara tatu.

Alipoweza kutoka shimoni walirudisha kila kitu mahali pake, oili ikiwemo, wakafanya jaribio moja. Mchomeleaji alikaa kwenye usukani, akakanyaga klachi, akaingiza gia. Injini ilitulia tuli, mshale ukasimama katikati. Akaitoa gia, akaiweka nyutro, ikiwa huru. Mshale ukaanguka na injini ikaanza kutetemeka. Kwa injini, kukanyaga klachi na kuweka nyutro ni jambo moja. Haina namna ya kutofautisha. Walirudia mara tisa. Mara zote tisa ilitofautisha.

Hapo Fundi alielewa ugonjwa, akaogopa upya, safari hii kwa woga wake mwenyewe.

Machimbo yalikuwa juu, mji ulikuwa chini, na katikati kulikuwa na kilomita saba za mteremko wenye kona kumi na nne na vilima vitatu vidogo vya kupanda. Meneja alitoa lita thelathini za dizeli kwa kila safari, kwenda na kurudi. Ukishuka kwa gia nzito, ukiiachia injini ilizuie lori, kila kilima kidogo unakipanda kwa mafuta, na lita thelathini hazikurudishi. Ukiitoa gia pale juu na kuliacha lori lijiendee, vile vilima unavipita bure kwa ile kasi, na lita zinatosha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba madereva watoe gia. Waliambiwa tu kwamba mwenye akili zinamtosha. Polepole alikuwa ameomba lita thelathini na nne mara kadhaa, kwa maandishi, na mara zote aliambiwa atumie akili. Siku ile alizitumia.

Jumatano saa nne alikuja mjane wake. Alikuja kila Jumatano tangu mazishi, amevaa viatu vya kutokea, akaomba ile karatasi ya ajali irekebishwe. Alikuwa haombi kitu kingine chochote. Binti yake alikuwa ameulizwa shuleni kama ni kweli baba yake aliua lori.

Siku hiyo alipita karakanani kwanza, kwa kuwa aliambiwa lori limerudi. Fundi, aliyezoea kumwita wifi kwa heshima ya marehemu, alimwona mlangoni.

"Wifi, karibu. Usikae huko juani."

"Ndilo hili?"

"Injini ndiyo ileile. Kichwa kimebadilishwa."

Mjane alilizunguka lori mara moja. Lilikuwa limewashwa, likiwa nyutro, likitetemeka. Aliweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo.

"Hivi ndivyo alivyokuwa," alisema. "Wiki ya mwisho. Ananipa mgongo, kitanda kinatikisika. Nikimuuliza anasema ni baridi. Wifi, kulikuwa na joto, hata shuka tulikuwa hatujifuniki."

Chini ya kiganja chake injini ilipunguza mtetemo, ikashusha sauti. Mshale wa oili ulipanda robo, ukakaa.

"Ni woga wake," Fundi alisema. "Walimtoa yeye, wakausahau humu."

Mjane alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwavuli wake umeonekana. Kisha akaenda ofisini kusubiri kwenye benchi, na saa saba akaambiwa arudi Jumatano ijayo.

Mchana huohuo meneja alishuka karakanani. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye mashati yaliyonyooka, asiyepaza sauti. Mtoto wa mfanyakazi akiugua, aliuliza hali yake kwa jina. Alitaka kujua kwa nini lori zima limekaa siku tatu bila kubeba kokoto.

"Injini ni nzima, bosi," Fundi alisema. "Lori linaogopa."

"Linaogopa nini?"

"Ni afadhali uguse mwenyewe."

Alikuwa amekinga oili kidogo kwenye kikombe. Meneja alikunja mkono wa shati mara mbili, kwa uangalifu, akachovya vidole viwili.

Alisimama pale. Mchomeleaji alizima mashine yake. Jasho lilitokea kwanza juu ya mdomo wa meneja, kisha likailowesha kola yote. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi kuukuu na shati lake jeupe.

"Gia ilikataa," alisema.

"Ilikataa, bosi."

"Akaita jina la binti yake."

"Mara tatu."

"Alikuwa anazifikiria zile lita." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hadi kwenye kona ya tisa alikuwa bado anazifikiria lita."

 Meneja alichukua tambara, akafuta kidole kimoja, akafuta cha pili, akarudia cha kwanza. Alisimama, akaukunjua mkono wa shati na kufunga kifungo.

"Basi tatizo limejulikana. Badilisheni oili."

"Na dizeli, bosi?"

"Dizeli ni suala jingine. Oili ibadilishwe yote, na filta pia. Ijumaa liwe barabarani."

Aliondoka akitembea karibu kabisa na ukuta. Jioni ile hakuendesha gari lake; aliliacha uani, akaenda nyumbani kwa miguu, na watu walimwona akisimama kwenye kila kijia, akitazama kulia na kushoto kama mtoto wa chekechea. Alhamisi alikuja tena kwa miguu. Kufikia Ijumaa alikuwa ameshasugua mkono kwa mafuta ya taa na sabuni mara za kutosha, akafika kwa gari.

Alhamisi Fundi alibadilisha oili. Aliiacha ya zamani ichuruzike hadi tone la mwisho, akaihifadhi kwenye dumu la lita ishirini lenye mfuniko wa kukaza. Akaosha sampu, akaosha njia zote za oili, akajaza mpya. Alipowasha, injini iliitika mara moja. Akaiweka nyutro, mshale ukasimama imara. Sauti yake ilikuwa nyororo kiasi kwamba mchomeleaji aliweka sikio lake zima karibu, kuhakikisha kama kweli inawaka.

Mdogo wake alipiga makofi. "Dada, mikono yako ibusiwe! Limepona."

Fundi aliitazama injini ile iliyokuwa haiogopi kitu tena, akamtazama na mdogo wake aliyekuwa hajawahi kuigusa oili ile hata tone, akamwogopea. Hata Jumanne, ndani ya shimo, hakuogopa namna hiyo.

"Kesho utashukaje?" alimuuliza.

"Kama wenzangu wanavyoshuka."

"Shuka na gia."

"Nikishuka na gia dizeli itaishia njiani, siku ya kwanza tu. Unataka waseme nini? Nimengoja miaka sita, dada."

"Polepole naye alisema hivyohivyo."

"Polepole alikuwa na woga. Dereva mwenye woga ndiye anayegonga. Kila mtu anajua."

Mdogo wake huyo alikuwa amemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Alimfunga kamba za viatu hadi darasa la tatu. Jioni ile alikaa na fomu ya kuruhusu lori kutoka, na kwenye nafasi ya ugonjwa uliopatikana akaandika: woga. Kwenye nafasi ya matibabu akaandika: lita thelathini na nne. Kisha akaandika kwamba lori lisitoke, akatia sahihi. Fomu ilirudi baada ya nusu saa. Mahali pa woga pameandikwa oili kuukuu, mahali pa matibabu pameandikwa imebadilishwa, na chini, kwa mwandiko mzuri wa meneja, lori liruhusiwe.

Ijumaa saa moja asubuhi lori lilipanda machimboni, likapakiwa, likarudi uani kupimwa matairi kabla ya kushuka. Fundi alizunguka magurudumu yote kumi na nyundo yake. Alipomaliza alikwenda upande wa dereva. Mdogo wake aliteremsha kioo, amenyoa, amevaa shati jipya.

Siku zote Fundi alisalimiana na watu kwa kuwapa kifundo cha mkono, kama mafundi wote, ili asiwachafue. Asubuhi ile alimpa mdogo wake kiganja chote. Kilikuwa kimelowa oili kutoka kwenye lile dumu. Alikishika kiganja cha mdogo wake, akakibana, akakipaka hadi katikati ya vidole, hakukiachia.

"Dada, unanichafua," alisema akicheka.

Kisha akaacha kucheka. Fundi aliuona woga ukimpanda, kutoka vidoleni hadi begani, hadi machoni. Midomo ya mdogo wake ikawa myeupe. Alikuwa na miaka thelathini na moja, lakini kwa nukta chache alikuwa na sita.

"Umenifanya nini?" alinong'ona.

"Nenda," dada yake alisema. "Usitoe gia."

Lori liliondoka. Fundi alirudi karakanani na kuanza kufungua breki za lori jingine. Aliifungua bolti ileile mara tatu na kuifunga mara tatu. Kushuka kulichukua dakika kumi na mbili kwa nyutro. Kwa gia nzito ilikuwa dakika arobaini. Aliyefika chini hupiga simu karakanani. Dakika kumi na mbili zilipita bila simu, akashukuru. Dakika arobaini zilipita bila simu, akaweka spana chini, akaushika ukuta. Mchomeleaji alikuja akasimama karibu naye.  Naye alikuwa na mabaki ya woga kwenye kidole chake kimoja.

Dakika ya sitini na tatu simu iliita.

"Niko chini," mdogo wake alisema. Alikuwa analia wazi, kama mtu asiyejali nani anamsikia. "Niko chini, dada. Kona zote kumi na nne. Nilikuwa nashuka kama natembea kwa miguu. Watu wananipigia honi, wananitukana. Pale kwenye kona ya kumi na moja nimeona alama za matairi yake."

"Uko mzima?"

"Mzima. Nimetambaa kwa gia ya kwanza njia nzima, dizeli imekwisha. Nimesimama katikati ya barabara, kabla hata ya mizani."

Fundi alikaa juu ya lile tairi kuukuu. 

Jumatatu mdogo wake aliondolewa kwenye usukani. Barua ilisema ameshindwa kutumia mafuta kwa uangalifu. Alipewa kazi ya kuhesabu malori langoni, kwenye kibanda chenye kiti na kalamu. Woga ulipomwisha, baada ya siku tatu, alikuja karakanani, akasimama mbali.

"Umeniharibia," alisema. "Ulijua nilivyolingoja lile lori. Ulijua."

"Nilijua, mdogo wangu."

"Ningeshuka salama. Wenzangu wanashuka kila siku."

"Huenda."

"Basi usinipe mkono tena."

Hakumpa. Hakuna aliyempa tena, kwa kweli. Habari ilienea uani kwa siku moja, na hakuna aliyeishangaa. Madereva walianza tu kumsalimia Fundi kwa kugusisha kiwiko kwa kiwiko, kwa heshima zote, wakimuulizia na watoto. Lori alikabidhiwa dereva mwingine, mtu mcheshi, baba wa watoto wanne, aliyesifika kwa kushuka mteremko wote kwa dakika kumi na moja. Fundi alimwita pembeni, akamweleza kila kitu, akamfungulia dumu. Yule dereva alichungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Fundi, mimi nakuheshimu sana," alisema. "Lakini nikigusa hiyo, nitaifanyaje kazi?"

Alipewa lita thelathini, akashuka. Siku hiyo alirudi, na kesho yake pia alirudi.

Jumatano mjane alikuja na viatu vyake vya kutokea. Safari hii hakuwekwa kwenye benchi. Meneja mwenyewe alimfungulia mlango wa ofisi, akamvutia kiti, akamwita Fundi awe shahidi.

"Mama," alisema, na alisema kwa upole wa kweli, "mumeo hakuwa mzembe. Najua. Niliushika woga wake kwa vidole hivi viwili. Alikuwa dereva bora kuliko wote niliowahi kuwa nao."

Mjane alingoja. 

"Karatasi je?" aliuliza.

"Karatasi ilishapigwa mihuri, ikapelekwa. Ikisema vingine sasa, itabidi iseme na kwa nini." Meneja aliangalia vidole vyake. "Ila nilitaka ujue kwamba najua."

Mjane aliinuka, akashukuru kwa kiti. Kwenye korido aliegemea ukuta kidogo, Fundi akamshika bega kwa mkono uliofungwa tambara.

"Ile oili mmeimwaga?"

"Hapana, wifi. Ninayo."

"Naiomba."

"Ni lita kumi na nane. Itabidi nikutafutie mtu wa kukubebea."

"Nitaibeba mwenyewe."

Fundi alilitoa dumu chini ya meza ya kazi, akalifuta vumbi, akakaza mfuniko. Mjane hakuchukua hata kitambaa cha kushikia. Aliufungua mfuniko palepale, akaingiza mkono wa kulia hadi kwenye kifundo, akafumba macho. Mabega yake yakaanza kutetemeka, kisha magoti, kisha meno. Fundi alitaka kumvuta, lakini mjane alitikisa kichwa.

"Niache," alisema, kwa shida, maana meno yalikuwa yanagongana. "Siku zote zile aliogopa peke yake, na mimi nimelala ubavuni. Sasa tutaogopa wawili."

Akafunga mfuniko, akaliinua dumu kwa mikono yote miwili, akaanza kurudi nyumbani, akipita pembeni kabisa mwa barabara.